Mama Kadi na Sahihi ya Mume

Hakuwa na mtoto hata mmoja, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Kadi. Jina hilo alipewa na wanawake wa kiwanda cha nguo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa muuguzi wa chumba namba nne katika zahanati, chumba cha uzazi wa mpango, na hakuna mwanamke aliyetoka humo bila kadi ya kijani yenye tarehe ya kurudi. Tarehe hizo alizishika kichwani kuliko wenyewe walivyozishika. Ukikutana naye dukani akakukazia macho, basi ujue yako imepita.

"Mama Kadi, usinitazame hivyo, nakuja!" walimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Unakuja lini? Sindano imeisha nguvu tangu Ijumaa. Mwambie mzee huko nyumbani alale chini mpaka tuonane," alijibu, na watu wote walio karibu wakaangua kicheko.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Wanawake walisema sindano yake haiumi. Siri yake ilikuwa ndogo tu: alikuuliza swali la maana wakati sindano ikiingia. "Hivi yule shemeji yako aliyehama na godoro la watu, amelirudisha?" Ukifungua kinywa kujibu, kazi imekwisha.

Jina la Mama Kadi alilipenda, na lilimchoma. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Katika miaka kumi na minne ya ndoa alishika mimba mara tatu, na zote tatu zilitoka kabla hazijafika mwezi wa tano. Baada ya ile ya tatu daktari aliwashauri wapumzike kwanza, na mapumziko hayo hayakuwa na mwisho. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, anayeweza kukaa kutwa nzima na mashine iliyokufa akiisikiliza kama anayesubiri iungame. Hakumlaumu mkewe hata siku moja. Nyumba yao ilikuwa na chumba kidogo upande wa jua la asubuhi, walichokipaka rangi ya maziwa wakati wa mimba ya kwanza. Miaka ilivyokwenda, fundi aliweka humo mota moja ya jokofu, halafu ya pili, halafu mabomba ya shaba, mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri. 

Kwa hiyo siku zake zilikwenda hivyo: kutwa anawasaidia wanawake wasishike mimba, na jioni anarudi nyumbani kwenye hamu yake. Wengine waliona ni kichekesho. Mama mkwe wake aliwahi kumwambia waziwazi, "Mwanangu, umewafungia wenzako vizazi mpaka umejifungia na wewe." Mama Kadi mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Yeye alitaka mtoto, wale walitaka kupumua, na mambo yote mawili aliyaelewa.

Kilichomsumbua kazini ni fomu. Sheria ya huduma za uzazi ilikuwa ya zamani kuliko jengo la zahanati, na ilitaka kila mwanamke aliyeolewa alete fomu yenye sahihi ya mumewe kabla hajapewa chochote, iwe vidonge, sindano au kijiti cha mkononi. Mstari wenyewe ulikaa chini kabisa ya ukurasa: Sahihi ya mume. Aliyekuwa na mume wa karibu na mwenye kuelewa hakuwa na shida. Lakini kiwanda kilijaa wanawake ambao waume zao walikuwa safarini, au wamehama bila kuaga, au wapo nyumbani na hawataki hata kusikia habari hiyo. Wengine walitia sahihi wenyewe kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko ubadilike. Mama Kadi alikuwa akiziona hizo sahihi za kushoto, zimelala ubavu, naye akinyamaza. Halafu siku moja mume wa mtu alikuja na fomu mkononi, akapiga meza, akasema mwandiko ule si wake. Muuguzi wa chumba cha pili, ambaye ndiye aliyekuwa zamuni chumba namba nne siku fomu hiyo ilipopokelewa, alifukuzwa kazi kabla wiki haijaisha. Tangu hapo Mama Kadi alizikagua sahihi kama karani wa benki.

Mwaka uliofuata ndipo alipokuja Mama Sita.

Mama Sita alikuwa wa idara ya kusokota nyuzi, mrefu, mkavu, mwenye vumbi la pamba kwenye nyusi hata siku ya mapumziko. Wenzake walimpa jina hilo kwa ajili ya watoto wake sita, na alilibeba kwa utani. "Wengine wana vyeo," alisema, "mimi nina idadi." Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mwema kwa maelezo ya mkewe mwenyewe, ila nyumbani alionekana kama mgeni: anafika, anakula, anabeba watoto begani, anaacha mimba, anaondoka.

"Nesi, nichome tu," alisema siku ya kwanza. "Huyu wa sita bado ananyonya, na mzee anarudi mwezi ujao. Mimi najijua. Akinipitia tu na koti lake, nimeshika."

"Niletee sahihi yake."

"Yuko barabarani. Nimpelekee fomu kwa upepo?"

"Akirudi, atie, kisha uje."

"Akirudi si ndiyo nimechelewa!"

Mama Sita alirudi zahanati baada ya wiki mbili. Mume alikuwa amekwama mpakani na mzigo. Akarudi mara ya tatu, safari hiyo na aproni ya kiwandani mwilini, katika dakika ishirini za mapumziko ya mchana, anahema. Fomu ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari wa chini. Aliisukuma mezani pamoja na kalamu.

"Andika wewe, nesi. Andika chochote. Nani atajua?"

Mama Kadi aliitazama kalamu. Sindano ilikuwa kwenye trei, karibu na kiwiko chake. Na alipokuwa akiitazama ile kalamu, wazo moja lilimpitia bila kukaribishwa: sita. Huyu anao sita, na mimi hata mmoja. Lilipita upesi, kama mtu anayekatiza uani kwa watu. Aliirudisha fomu.

"Siwezi, dada yangu. Lete sahihi."

Mama Sita hakugomba. Aliikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kwenye mashine yake. Kwa muda mrefu baada ya hapo Mama Kadi alijiuliza kama kilichokataa siku ile ni sheria, au ni yeye.

Alipomwona tena ilikuwa miezi mitano baadaye, na hakuwa na haja ya kumpima. Tumbo lilitangulia kuingia mlangoni.

"Mama Saba," mwanamke alijitambulisha. Hakucheka, wala Mama Kadi hakucheka.

Mimba ile ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Miguu ilivimba, presha ikapanda, na mwezi wa nane Mama Sita akaanguka kwa kifafa cha mimba kiwandani, katikati ya mashine, wenzake wakapiga mayowe mpaka mitambo ikazimwa. Alifanyiwa upasuaji hospitali kuu. Mtoto wa kike alitoka salama, mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti. Mama mtu ndiye aliyebaki kitandani. Moyo wake ulikuwa umelegea, daktari alieleza, unasukuma damu kwa taabu. Angelazwa wiki kadhaa, na hata akitoka asiguse kazi nzito kwa miezi mingi. Na asishike mimba nyingine kabisa.

Mama Kadi alikwenda kumwona. Alijaribu kutokwenda, akashindwa. Alimkuta dereva ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, kofia mikononi, mwanaume mkubwa asiyejua pa kuweka miguu yake. Watoto sita walikuwa wamegawanywa: wakubwa kwa bibi yao, wadogo kwa shangazi. Kichanga ndicho kilichokosa wa kukichukua. Bibi haoni vizuri, shangazi ana watoto wake wawili wadogo, na dereva alitakiwa kurudi barabarani, la sivyo hata hao sita wasingekula.

Mama Sita alizungumza akivuta pumzi kati ya neno na neno.

"Nesi. Nishikie huyu."

"Nikushikie?"

"Mpaka nisimame. Sikupi, sikiliza vizuri. Nishikie tu."

Dereva aliinua kichwa. "Dada, nitakuwa naleta maziwa yake kila nikipita," alisema. "Tusaidie." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, kama anayeiambia kofia yake: "Ningekuwepo ningetia sahihi. Siku ile ya kwanza tu. Nisingekataa."

Mama Kadi alikwenda kwenye kitanda kidogo cha mtoto, akamwinua mtoto, akashangaa jinsi mikono yake ilivyojua la kufanya.

Fundi alipomwona mkewe anaingia na furushi kifuani, hakuuliza. Alisikiliza maelezo mpaka mwisho, akaenda kwenye chumba kidogo, akaanza kutoa mota moja moja na kuzipanga uani. Alipomaliza alideki sakafu, akafuta kuta kwa kitambaa chenye maji, na rangi ya maziwa ikaonekana tena.

Mtoto aliitwa Kitinda. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo la utani, kwa maana ya kitinda mimba, "ili yeye aelewe, na baba yake aelewe pia."

Mama Kadi alichukua likizo yake yote ya mwaka kwa mkupuo. Alijifunza upya vitu alivyokuwa akiwafundisha wengine kwa mabango ya ukutani: kuchemsha chupa, kupima maziwa kwa kijiko bila kuzidisha, kumweka mtoto begani acheue. Alijifunza na yasiyoandikwa kwenye mabango, kwamba Kitinda hukunja vidole vya miguu kabla ya kulia, na kwamba hupenda kulalia upande wa kushoto. Likizo ilipokwisha, fundi alimchukua mtoto karakanani kwake wakati wa kazi. Huko ikagundulika kwamba Kitinda hulala fofofo jokofu likinguruma, na likijizima tu, macho kodo. Kuna mteja aliyesubiri jokofu lake wiki mbili zaidi ya ahadi. Lilikuwa limepona siku nyingi, ila fundi hakuona sababu ya kulitoa.

"Linahitaji kuangaliwa kidogo," alimwambia mteja, na mteja akachungulia, akaona mtoto amelala, akaelewa ni nini hasa kinachoangaliwa.

Kila Jumapili Mama Kadi alimpeleka Kitinda kwa mama yake, kwanza wodini, baadaye nyumbani kwa bibi alikokuwa akijiuguza. Mama Sita alimpakata mtoto dakika chache mpaka mikono inatetemeka, akamrudisha. "Amenenepa," alisema kila mara. "Unampa nini, saruji?" Njiani kurudi, Mama Kadi alitembea taratibu. Alijiambia ni mtoto wa watu, ni wa kushikiwa. Alijiambia hivyo asubuhi akimwogesha, alijiambia mchana akiwa kazini. Akili ilisikia. Mwili wake, uliokuwa ukisubiri miaka kumi na minne, haukusikia chochote. Mara moja dukani mwanamke asiyemjua alisema, "Mama, mwanao amefanana nawe macho," naye hakumsahihisha. Aliondoka na sukari yake haraka, uso unamwaka, kama aliyeiba.

Katika miezi hiyohiyo habari za muswada zikaanza. Mbunge wa eneo lile, mwalimu mstaafu wa hesabu, alisikia kisa cha mwanamke aliyeanguka kiwandani. Alikuja zahanati bila msafara, akakaa kwenye benchi la wagonjwa nje ya chumba namba nne asubuhi nzima, akiwasikiliza wanawake wakibishana kuhusu sahihi. Zamu yake ilipofika aliingia, akaketi.

"Kadi sihitaji," alisema, "nina miaka sabini."

Alieleza alichokitaka. Muswada wake ulikuwa na mambo mawili makubwa: kufuta sharti la sahihi ya mume, na kuwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuweka vijiti hapohapo zahanati, badala ya kumsubiri daktari anayepita mara mbili kwa mwezi. Kamati ya bunge ingesikiliza maoni kabla ya muswada kusomwa mara ya pili. Alitaka Mama Kadi aende.

"Nitafukuzwa kazi."

"Ukiitwa na kamati, hakuna anayeweza kukufukuza kwa kuitikia. Utasema uliyoyaona tu."

"Niliyoyaona, mheshimiwa, na mimi nimo ndani yake."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema mzee.

Barua ya kamati ilipofika, Kitinda alikuwa na miezi saba na jino moja. Na wiki hiyohiyo Mama Sita alisimama. Alitembea mwenyewe kutoka kwa bibi hadi nyumbani kwake, akipumzika mara tatu njiani, akawakusanya watoto wake sita, akamtuma binti yake mkubwa kwa Mama Kadi na ujumbe: mama anasema, sasa amlete.

Mama Kadi alimpeleka mwenyewe. Alibeba chupa mbili, nguo zilizofuliwa, na karatasi aliyoandika kwa mwandiko wake wa zahanati: analalia upande wa kushoto, uji uwe mwepesi, akikunja vidole vya miguu, ana njaa. Akaongeza chini, akafuta, akaandika tena: akikosa usingizi, mpeleke kwenye jokofu la dukani.

Alipomtia mtoto mikononi mwa mama yake, Kitinda aligeuka, akamnyooshea yeye mikono na kulia. Alilia kwa sauti ile ile iliyomzidi mwili. Mama Sita alimshika kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Mpe siku tatu," alisema. "Atazoea. Ni mimi huyu."

"Ni wewe," Mama Kadi alisema. "Ni wewe kabisa." Alitoka kabla hajaambiwa akae.

Nyumbani, fundi alikuwa ameegemea mlango wa chumba kidogo. Mota zilikuwa bado uani, zimeanza kushika kutu kwa mvua. "Nizirudishe ndani?" aliuliza. Mkewe alitikisa kichwa kukataa. Akafunga mlango, wakakaa jikoni wawili wao, chakula kikapoa mbele yao.

Siku tisa baadaye alikuwa mbele ya kamati. Alikwenda na sare yake, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine aliyoiamini. Chumba kilikuwa na zulia nene lililomeza hatua za watu, meza ya duara, na vipaza sauti vyenye taa nyekundu. Alisoma maelezo yake bila kuinua macho: wanawake wangapi aliwarudisha mwaka ule kwa kukosa sahihi, wangapi kati yao alikutana nao tena wakiwa wajawazito. Kisha akaiweka karatasi chini, akasimulia habari ya Mama Sita bila kulitaja jina, mara zote tatu, kalamu iliyosukumwa mezani, na mtoto aliyemshikia.

Wajumbe waliuliza maswali ya kawaida. Halafu mmoja wao, mtu wa makamo mwenye tai ya bluu, aliyejulikana kuupinga muswada, akawasha kipaza sauti chake. Hakufoka. Aliongea kwa upole.

"Nesi, umetuambia kwamba sindano ile ingetolewa, mimba ile isingekuwepo. Umetuambia pia mtoto huyo umemlea wewe mwenyewe. Nikuulize kwa heshima. Unatuambia afadhali mtoto huyo asingezaliwa?"

Mbunge mwalimu aliyekuwa kiti cha nyuma aliinamisha kichwa. Swali hilo hawakuwa wamelijadili.

Mama Kadi alikunywa maji.

"Mheshimiwa, mtoto huyo nimemrudisha kwao siku tisa zilizopita," alisema. "Tangu hapo mikono yangu haijui pa kukaa. Nikipika nasikia analia. Nikizima jiko, kimya. Mimi sina mtoto, mheshimiwa, na si kwa kupenda. Ukiniuliza kama namtaka yule, nakujibu namtaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka."

Akakisogelea kipaza sauti.

"Lakini mama yake hakuja chumbani kwangu kuniletea furaha. Alikuja kuomba sindano. Alikuja mara tatu, akiwa na akili zake timamu. Sindano ninayo, mkono wake huu hapa, na katikati yetu kuna mstari mmoja wa karatasi. Kwa ajili ya mstari huo ilibaki kidogo tu watoto sita wakose mama. Mtoto niliyempata kwa njia hiyo, siwezi kuutetea mstari kwa jina lake. Nikifanya hivyo nitakuwa nimemwambia mama yake: afadhali ungekufa wewe, ili mimi nipakate."

Mjumbe yule alizikusanya karatasi zake. "Ahsante," alisema, akazima kipaza sauti chake.

Kwenye ngazi za nje mbunge alimfikia. "Hayo sikukufundisha," alisema.

"Hata mimi sikuyajua mpaka nilipoyasikia," alijibu. Aliomba kukaa kidogo kwenye ngazi, na mzee akakaa naye.

Muswada ulichukua miezi minane mingine. Wanawake wa kiwandani walisikiliza mjadala redioni wakati wa chakula. Mheshimiwa mmoja alisema ndoa zitavunjika. Mwingine akasema wake za watu watakuwa hawashikiki, na kantini nzima ikalipuka kwa kicheko, mwanamke mmoja akapaza sauti, "Nani ana nguvu za kutoshikika baada ya zamu mbili?" Siku ya kupiga kura, sharti la sahihi lilifutwa. Kifungu cha vijiti kilichomolewa dakika za mwisho, kikaachwa kwa kanuni ambazo waziri angezitunga siku moja. Mbunge alipiga simu zahanati.

"Kimoja tumekipata, kingine wamekichomoa," alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Hicho tulichokipata kinatosha kwa kesho asubuhi," Mama Kadi alimwambia. "Cha pili tutakidai."

Fomu mpya zilikuja kwenye boksi, fupi kwa mstari mmoja. Wiki za mwanzo wanawake walizigeuza huku na huku wakitafuta. "Na mzee atie wapi?" Mama Kadi alionyesha nafasi pekee iliyobaki. "Hapa. Jina lako." Wengine walikaa na kalamu hewani muda mrefu kabla ya kuandika, na yeye hakuwaharakisha.

Mama Sita alikuja wiki ya nne. Tangu alipotoka hospitali dereva alikuwa akitia sahihi kila mara, bila kuombwa mara mbili, lakini mwezi huo alikuwa safarini tena na tarehe ya kadi ilikuwa imefika. Vumbi la pamba halikuwepo kwenye nyusi. Kiwanda kilikuwa kimemhamishia ofisini, kwenye kazi ya kukaa. Mkononi alimshika Kitinda, ambaye sasa alitembea. Ziara za Jumapili zilikuwa zimekatika tangu siku ya kurudishwa. Mama Kadi alisingizia kazi, na Mama Sita hakumsukuma.

Aliandika jina lake, akakunja mkono wa blauzi. Mama Kadi alipima presha, akavuta dawa, akafuta bega kwa pamba. Safari hii hakuuliza swali la godoro wala la shemeji. Alichoma, na alipomaliza akabaki amesimama.

"Kuna jambo sijakwambia," alisema. "Siku ile ya tatu, uliposukuma kalamu. Niliogopa kazi yangu, hiyo ni kweli. Lakini pia nilikuwa nahesabu watoto wako."

Mama Sita alishusha mkono wa blauzi taratibu.

"Nilijua," alisema. "Macho yako yalikuwa yanahesabu. Nilikasirika, nikasokota nyuzi zote zikakatika siku ile, msimamizi akanifokea."

"Kama ulijua, kwa nini ulinipa mtoto?"

"Sikukupa, nilikuambia unishikie." Halafu akacheka kidogo, cheko la kuchoka. "Sasa ningempa nani, nesi? Asiyemtaka?"

Mama Kadi aliinama, akamfungulia Kitinda mikono. Mtoto alimtazama kwa makini, akaitazama sare nyeupe, akaitazama trei. Kisha akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, akaanza kunung'unika.

"Hakumbuki," Mama Kadi alisema.

"Ni hiyo sare. Watoto wote wanaiogopa. Njoo Jumapili, njoo na nguo za watu. Na fundi wako aje, kuna jokofu tumelinunua kuukuu, linapiga kelele kama lori."

Alisema atakwenda. Aliandika tarehe kwenye kadi, akaingiza anayefuata, siku ikaendelea.

Jumapili hiyo hakwenda. Alivaa, akakaa kitandani na viatu miguuni mpaka jioni. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu, fundi alichukua kisanduku chake cha vifaa, akasimama nacho mlangoni, akingoja. Walitembea pamoja hadi mtaa wa pili, wakaikuta nyumba, mlango umefungwa nusu. Ndani, watoto saba walikuwa wanagombania kitu fulani kwa pamoja, na mama yao anawatuliza bila mafanikio yoyote. Mama Kadi alisimama hapo kidogo akisikiliza, akijaribu kuitambua sauti moja kati ya zile. Kisha akapiga hodi.